Bunduki Nyumbani kwa Mwindaji

Hatta, Dubai
9 Februari 2025

Mama Afrah, mke wangu,

Salaam aleikum. Usianze kuisoma hii kutoka chini ukitafuta habari mbaya, kama ulivyozoea. Hamna. Ni mzima, nala, nalala. Barua anaichukua Rafiq, yule mfanyabiashara wa Naif anayepeleka mizigo Mombasa. Nduguye ana lori la kuja Lamu, na kutoka hapo itafika Shimbwa kwa mkono wa atakayejaaliwa. Tangu wale watu wa msituni waulipue mnara wa simu, mimi na wewe tumerudi zama za babu.

Habari yenyewe ni hii: silindi tena maghala ya viungo kule Al Ras. Nimeletwa Hatta, mji wa milimani karibu na Omani, ambako wageni huja kupanda baiskeli, kuogelea bwawani na kupiga mishale. Ndiyo, mishale. Meneja wetu, Mohannad, alinikuta nimeushika upinde mmoja naupima tu uzito. Akasema, "Yalla, piga basi." Nikapiga. Akasema nipige tena. Khalas, nikavuliwa sare ya ulinzi siku ile ile, nikapewa fulana ya kijani. Mimi Zein, ambaye kwetu nikionekana na upinde nafungwa, hapa nalipwa kuushika.

Lakini ungeziona pinde zao ungecheka. Zina magurudumu kama baiskeli, na kijioo cha kulengea. Ukishauvuta, haukuchoshi; waweza kusimama nao mpaka uote ndoto. Mgeni mmoja kutoka Namibia, Joachim, ana shamba la kuwindia huko kwao na huja hapa kila wiki kujinoa. Huyo ni mtu wa maneno. Aliniambia, "Zein, mtu asiye na bunduki ni kondoo wa serikali." Nikamwambia bunduki haina adabu. Inaua kabla ya kujulishana. Upinde unakulazimisha umkaribie mnyama mpaka umnuse, ujue kama ana mimba, kama ni mgonjwa, na nafasi ya kumwacha unayo mpaka dakika ya mwisho. Mtu mwenye bunduki hana haja ya kujua kitu. Joachim akacheka, akauliza, "Na serikali ilipowanyang'anya pinde, nani aliwalinda?" Nikajifanya nakwenda kuokota mishale.

Sasa lililonifanya niandike. Rafiq ameniambia kuna maneno ya kugawa bunduki vijijini, kila kijiji kitoe polisi wa akiba. Swafiya, nakuomba: bunduki isiingie nyumba yetu. Unakumbuka ya Ami Sharifu. Alipewa bunduki, akapewa na kofia, akatembea nayo kifua mbele mwezi mzima. Wale hawakumfuata Ami Sharifu. Waliifuata bunduki, wakamkuta ameishika. Mwambie Mubin akiitwa akatae. Aseme macho yake mabovu, aseme lolote. Yeye ni ndugu yangu mdogo na kazi yake ni kuwaangalia nyinyi, si kuwa askari wa bure.

Mbusu Afrah. Mwambie hapa kuna milima isiyo na mti hata mmoja.

Mumeo,
Zein


Shimbwa, Lamu
2 Machi

Baba Afrah,

Waaleikum salaam. Barua yako ilifika kabla ya baraza la chifu, ikiwa na harufu ya karafuu, nadhani Rafiq aliitia kwenye gunia. Tumeanza kufunga leo. Afrah naye amefunga mpaka saa nne, halafu akasema kiu yake ni kubwa kuliko ya watu wengine.

Hapa ni salama. Baraza lilifanyika, chifu akasema aliyotaka kusema, watu wakatawanyika. Mubin alirudi kimya. Usiwe na wasiwasi naye.

Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu adabu ya upinde. Nimekusikia. Lakini mimi huwaza jambo moja nikiwa natwanga. Babu yako alikamatwa kwa podo la mishale na nyama ya swala mmoja, akaitwa jangili. Leo gari la serikali hilo hilo linatuletea bunduki na kutuita wazalendo. Upinde wa kulisha watoto ni kosa, bunduki ya kuua watu ni heshima. Wewe na huyo Mnamibia mnabishana kama vile kuna mtu aliyewauliza. Sisi huku hatujaulizwa lini tuwe na silaha na lini tusiwe nayo.

Nyani wamezidi shambani. Nawatupia mawe kwa kombeo. Niambie, mtu akitaka kulenga na mkono wake unatetemeka, afanyeje? Avute pumzi au aitoe? Na afumbe jicho lipi?

Bega la kulia linanisumbua kidogo. Ni kuni tu.

Nakusalimu, na Afrah anauliza kama milima isiyo na miti ina nyani.

Swafiya


Hatta
6 Aprili

Mubin,

Eid Mubarak, ingawa sikuandiki kwa furaha.

Nimeisoma barua ya shemeji yako mara nyingi, na mimi ni mwindaji. Najua alama ya mnyama anayejaribu kutoacha alama. Anasema ulirudi barazani kimya. Anasema nisiwe na wasiwasi na wewe. Mke wangu hajawahi kuniambia nisiwe na wasiwasi ila pale ambapo wasiwasi unahitajika. Tena anauliza jinsi ya kulenga kitu. Nani amekuwa akilenga vitu mbele yake hata ayafikirie hayo? Na bega linamuuma kwa kubeba kuni! Mwanamke anajitwisha kuni mpaka bega linateguka, na wewe uko kambini unacheza uaskari?

Umeichukua bunduki. Usinifiche.

Sikiliza. Mimi si mtoto, najua hoja zote. Joachim amenipigia makelele msimu mzima: haki ya mtu kujilinda, serikali haiwezi kuwa kila mahali, mwizi hagongi mlango akiomba ruhusa. Yote naweza kuyajibu. Mtu wa mjini anayesema bunduki ni haki yake hatalala nayo chini ya makuti, msitu ukianzia nyuma ya choo. Ikiwa ndani ya nyumba, habari yake inatoka. Kila mtu kijijini ataijua, na akijua kila mtu, wale nao wanajua. Utalala nayo na mtoto wangu akiwa chumba cha pili.

Irudishe. Sema umeumwa. Wakikuuliza, sema ni amri ya kaka yako mkubwa, waje wanitafute Dubai.

Hapa msimu unakwisha. Joto likianza Hatta hufungwa, na sijui watanipeleka wapi.

Kaka yako,
Zein


Shimbwa
27 Aprili

Kaka Zein,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku kadhaa nikifikiria niseme au ninyamaze. Shemeji aliniapisha ninyamaze. Lakini wewe umenitukana kwa jambo ambalo sikulifanya, na mimi siwezi kubeba la kwangu na la mwenzangu.

Bunduki si yangu. Ni ya mkeo.

Ilikuwa hivi. Chifu alisema kila mtaa utoe mtu mmoja, na mtaa wetu unajua ulivyo: wanaume wazima tuliobaki ni mimi na mzee Dara ambaye hawezi kusimama. Akaniita. Nikasema vile ulivyoniagiza, kwamba macho yangu mabovu. Watu wakacheka, maana wananijua, mimi ndiye nionaye nyuki wakiingia mtini kabla ya mtu mwingine. Lakini nikashikilia hapo hapo. Chifu akauliza, "Basi mtaa huu hauna mtu? Tuandike hauna mtu?" Shemeji alikuwa amekaa na wanawake nyuma. Akanyoosha mkono. Chifu akamwambia ashushe, hapa hatufanyi mchezo. Akasema, "Mimi macho yangu ni mazima."

Kaka, sikujua niweke wapi uso.

Amefunzwa na wanajeshi pale kambini majuma matatu. Wanasema ana mkono mtulivu kuliko wengi. Lile bega ni teke la bunduki. Zamu yake ni zahanati, mchana, pamoja na mwanamke mwingine wa mtaa wa juu ambaye hajapewa silaha bado. Jioni mimi ndiye ninayempikia Afrah.

Nisamehe. Mimi nilikutii wewe tu.

Mubin


Dubai
18 Mei

Swafiya,

Mubin ameniambia. Usimgombeze, nilimlazimisha.

Nimeanza barua hii mara tatu na kuichana. Ya kwanza ilikuwa amri. Ya pili ilikuwa matusi, Mungu anisamehe. Hii sijui itakuwa nini.

Irudishe, tafadhali. Si kwa sababu wewe ni mwanamke. Nakujua; wewe ulimfukuza fisi jikoni kwa mwiko. Ni kwa sababu siku hizi nikifumba macho namwona Ami Sharifu amelala kifudifudi karibu na tangi la maji, halafu anageuka, na uso si wake. Nakuwa kazini, mgeni ananiuliza kitu, nami nimesimama tu kama mti. Mohannad aliniuliza, "Zein, una nini? Unaumwa?" Nikamwambia nina usingizi.

Sasa nawe ujue langu, maana nimekushika kwa kunificha ilhali nami nakuficha. Hatta imefungwa kwa joto. Tumehamishiwa mjini, kwenye klabu ya watu kulenga shabaha, ndani ya jumba lenye baridi. Hakuna upinde huku. Kazi yangu ni kuwajazia wageni risasi, kuyakusanya maganda, na jioni kuzisafisha bunduki. Mikono yangu inanuka mafuta ya bunduki hata nikila. Naandika hapa "irudishe" na kalamu yenyewe inateleza kwa mafuta hayo. Joachim alinikuta huko juzi, akapiga makofi, akasema, "Hatimaye umekuja upande wetu!" Sikucheka. Nilimwambia mke wangu amepewa bunduki ya serikali. Akaacha kupiga makofi, akaniuliza, "Anao watu wangapi pamoja naye?" Nikasema ana mmoja, asiye na silaha. Akatikisa kichwa. Akasema, "Hilo silizungumzii mimi. Mimi nazungumzia mtu na mali yake, si mwanamke mmoja mbele ya jeshi." Basi hata mwenye hoja za bunduki hana hoja kwa ajili yako.

Nimeomba likizo. Kafeel, yaani mdhamini wetu, yuko safarini na bila yeye ofisi hainipi karatasi. Nimesema ni dharura. Wameuliza, "Nani amekufa?" Nikasema bado hajafa mtu. Wakasema basi nisubiri.

Nijibu upesi. Hata neno moja.

Zein


Dubai
15 Juni

Mama Afrah,

Rafiq amerudi jana. Nilimsubiri Naif mlangoni pa duka lake tangu wapagazi hawajafungua mikokoteni yao. Alipotoka kwenye teksi nilitazama mikono yake kwanza. Akasema, "Zein, safari hii sina kitu. Lori la ndugu yangu halikuingia Lamu. Njia ilifungwa."

Nikamuuliza imefungwa kwa nini. Akasema hajui vizuri, kulikuwa na mambo upande wa msitu wa Boni. Mambo gani? Akasema, "Ndugu yangu, mimi nauza vitambaa." Nilitaka kumshika shati.

Nimesikiliza redio zote za nyumbani kwenye simu. Moja ilisema kijiji kimeshambuliwa, haikutaja jina. Nyingine ilisema zahanati. Nimempigia kila mtu niliye na namba yake Lamu. Mmoja amesema ni Shimbwa, mwingine ameapa si Shimbwa. Niliacha kupiga kwa sababu niliogopa wa tatu atasema nini.

Barua hii sijui naiandikia nani. Kama uko, niandikie. Sitasema lolote kuhusu bunduki. Sitauliza iko wapi.

Zein


Shimbwa
22 Juni

Baba Afrah,

Tuko hai sote. Nimeanza na hilo ili usikimbilie chini ya barua kutafuta habari mbaya, tabia unayosema ni yangu.

Barua zako mbili zimenifikia pamoja, siku moja baada ya njia kufunguliwa. Ya klabu nilikwishaisikia. Rafiq alimwambia nduguye, nduguye akaiambia Lamu nzima. Nilicheka, kisha nikalia.

Nitakueleza ilivyokuwa, mara moja, halafu nisiulizwe tena.

Walikuja asubuhi, siku ya kliniki ya watoto, watu watatu. Walitaka dawa na walitaka muuguzi aende nao, nadhani wana mgonjwa wao huko msituni. Kina mama walikuwa wamejaa barazani na watoto migongoni. Mimi nilikuwa upande wa nyuma nimekwenda kuteka maji ya muuguzi, bunduki begani. Niliposikia kelele nikazunguka ukuta. Mmoja alikuwa anamvuta muuguzi kwa kitambaa chake cha kichwani, na wawili wanarudi kinyumenyume wakitutolea mitutu.

Nilipiga kelele, "Mwache!" Sauti yangu sikuitambua. Yule aliyekuwa akimvuta akanigeukia. Hakuonekana kuogopa, alionekana kushangaa, kama mtu aliyekosea nyumba. Akainua silaha yake. Nikapiga. Risasi moja. Akajikunja ubavuni lakini hakuanguka. Wenzake walipiga hovyo juu ya paa, wakakimbilia msituni, na yeye nyuma yao anakwenda kama mlevi. Muuguzi alibaki amekaa mchangani. Hakuna mtoto aliyeguswa. Hilo watu wanalisema kila wakiniona: hakuna mtoto aliyeguswa, Swafiya. Nami nasema alhamdulillahi. Halafu nakwenda nyuma ya nyumba kukaa peke yangu.

Wanajeshi walikuja alasiri, wakaingia msituni kidogo, wakarudi. Walisema huenda wametega mabomu njiani na wangesubiri wenzao. Wakanipa mkono. Chifu akanipa mkono, yule yule aliyesema tusifanye mchezo.

Lakini mimi nilikuwa nimeiona damu kwenye majani, Zein. Ilikuwa inaelekea mashariki, kwenye miti ya mikoma. Nimeishi na wewe miaka yote hii. Ukimjeruhi mnyama na akaenda, huli, hunywi, hurudi nyumbani mpaka umfikie. Ningekuwa na simu ningekuuliza kama sheria hiyo ni ya wanyama peke yao. Sikuwa nayo. Nikamuuliza Mubin. Akasema, "Shemeji, sijui. Lakini hutalala usipokwenda, na mimi pia."

Tulitoka alfajiri. Mubin mbele, akipita nje ya njia, anaisoma damu kama wewe unavyoisoma. Mimi nyuma na bunduki. Tulimkuta kabla jua halijawa kali, ameegemea shina la mkoma. Wenzake walikuwa wamemwacha na wameichukua silaha yake. Mtu mzima, wa rika lako. Midomo ilikuwa imepasuka. Akasema, "Maji." Kwa Kiswahili kizuri tu, kama chetu.

Nilimpa. Mubin hakutaka nimkaribie, lakini nilimpa. Alikunywa, akatazama bunduki, akanitazama. Akauliza, "Ni wewe?" Nikasema, "Ni mimi." Akauliza naitwa nani. Ningeweza kusema jina lolote. Ulimi wangu ukasema Swafiya. Akalirudia polepole, kama mtu anayejifunza njia.

Mubin alikimbia kambini. Nilibaki naye mpaka walipokuja na machela. Mara moja aliomba nimsogeze kivulini, nikamsogeza. Wamempeleka hospitali chini ya ulinzi. Wanasema ataishi. Nimefurahi, na nimeogopa, na siwezi kuvitenganisha viwili hivyo. Kama angekufa, ningekuwa nimeua. Ameishi, na analijua jina langu.

Kijiji kinasema nipewe tuzo. Mubin anasema tuhamie Mokowe kwa shangazi yenu. Mimi nasema tukihama, zahanati itafungwa, maana muuguzi amesema atabaki ikiwa mimi nitabaki. Unaona nilivyofungwa? Umeniomba niirudishe. Siku ya pili baada ya hayo nilikwenda kambini kuirudisha, wallahi. Nilipofika getini nikakuta wanawake wawili wa mtaa wa juu wamekuja kujiandikisha wapewe zao. Wakanishangilia. Nikageuka nikarudi nayo.

Njoo. Usinijie na hoja za mtu wa Namibia, wala za Hatta, wala zako. Usiniulize kama nilifanya vyema. Niulize kama nimelala.

Swafiya


Dubai
13 Julai

Swafiya,

Umelala?

Kafeel amerudi na amenipa karatasi. Sijui kama ni likizo au nimeachishwa, Mohannad mwenyewe hakujua kunieleza, amesema, "Nenda kwanza, tutaona." Nakuja na ndege ya Jumamosi, na barua hii anaichukua Rafiq leo mpaka kwa lori la nduguye, inshallah itanitangulia siku mbili.

Ulichofanya pale mkomani, hapana mwindaji aliyenifundisha. Sisi hufuata ili tumalize.

Tutahama au tutabaki, utaamua wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwepo. Ukisema tubaki, nitakaa zamu na wewe pale zahanati, nikiwa na silaha au sina.

Nitafika Shimbwa kwa miguu kutoka barabara kuu, huenda ikawa wakati wa magharibi, saa ambayo mwenye bunduki hawezi kumtambua anayekuja. Usije kunipokea na usimtume Mubin. Mweke Afrah ndani. Nikifika kwenye uwazi wa mashamba nitasimama hapo, sitasogea, na nitaliita jina lako kwa sauti kubwa. Nikisikia umenijibu, ndipo nitakuja.

Zein